Kabla ya kununua mashine ya CNC, uliza inasogezwaje kwa mkono

Mafundi seremala na watengenezaji wa mizinga ya nyuki wanaotaka kununua mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga inayofuata maelekezo ya kompyuta, huuliza zaidi maswali mawili: bei yake ni kiasi gani, na meza yake ina ukubwa gani. Swali la tatu halisikiki sana dukani, ingawa mara nyingi ndilo linaloamua kama fedha zitarudi: nikitaka kuisogeza mwenyewe kabla haijaanza kazi, nitaisogezaje?

Msomaji anaweza kushangaa kwa nini mashine inayojiendesha isogezwe na mtu. Kompyuta inajua umbo linalotakiwa kuchongwa, lakini haijui ubao umefungwa wapi mezani wala una unene gani. Fundi ndiye anayepeleka biti hadi kwenye kona ya ubao, anaishusha polepole mpaka iguse, kisha anaiambia mashine kwamba hapo ndipo sifuri. Vipimo vyote vinahesabiwa kuanzia hapo.

Chukua mfano wa mzinga wa Langstroth. Nafasi ya nyuki kupita juu ya fremu inatakiwa iwe kati ya milimita 6 na 9 hivi. Ikipungua, nyuki huiziba kwa gundi yao. Ikizidi, hujenga masega humo na kifuniko hakifunguki bila kuharibu. Sehemu ambayo fremu zinakalia huchongwa kwa kupima kutoka ukingo wa juu wa ubao, na ukingo huo mashine inaujua kwa ile sifuri tu. Sifuri ikikosewa kwa milimita 3, mashine itarudia kosa hilo bila kuchoka kwenye kila ubao utakaofungwa pale, na mfugaji atagundua siku ya kurina asali.

Sasa tuangalie tofauti. Mashine ndogo za nyumbani, kama zile ziitwazo 3018 kwa sababu meza yake ina takriban sentimita 30 kwa 18, mara nyingi husogezwa kwa kubonyeza mishale kwenye skrini ya kompyuta. Unachagua hatua, tuseme milimita 10, 1 au 0.1, kisha unabonyeza. Taabu ni kwamba macho yako kwenye skrini wakati biti iko kwenye ubao. Ukisahau kwamba hatua bado ni 10 ukabonyeza kushuka, biti imekwisha. Grbl, programu inayoendesha nyingi ya mashine hizi, ilipofika toleo la 1.1 iliongezewa amri maalumu ya kusogeza ambayo inaweza kukatishwa katikati. Kwenye matoleo ya zamani, amri ya kusogea ikishatumwa mashine huimaliza safari yake, labda uisimamishe yote.

Kuna jambo lingine. Mota za mashine za bei nafuu kwa kawaida hazirudishi taarifa. Ukiisogeza kwa kasi ikagonga mwisho wa reli, mota inalia tu papo hapo huku kompyuta ikiamini kwamba safari inaendelea. Sifuri yako imepotea na hakuna taa inayowaka kukuambia.

Mashine za viwandani, hasa za kukata chuma, zina gurudumu dogo la kuzungushwa kwa mkono. Kwa kawaida lina alama 100 kwa mzunguko mmoja, na swichi ya kuchagua kila alama iwe milimita 0.001, 0.01 au 0.1. Ukizungusha polepole inasogea polepole, ukiacha inasimama, na macho yako hayatoki kwenye biti. Magurudumu ya kushika mkononi mengi yana pia kitufe cha pembeni: usipokibana, hakuna kinachosogea. Mota zake hupima zilipo, hivyo zikizuiwa mashine hutoa onyo na kusimama.

Katikati kuna zile za karakana za milango, aina ya 1325, zenye meza ya milimita 1,300 kwa 2,500. Nyingi huja na rimoti yenye vitufe na skrini ndogo, unachomeka flashi na kufanya kazi bila kompyuta. Si laini kama gurudumu, lakini fundi anaweza kusimama karibu na ubao wake, na kwa maoni yangu hilo ndilo kubwa.

Je, inalipa? Tuchukulie karakana inapokea kazi 10 tofauti kwa siku, na rimoti au gurudumu linaokoa dakika 5 kila unapoweka sifuri. Hizo ni dakika 50 kwa siku, saa 5 kwa wiki ya siku 6, bila kuhesabu biti zilizovunjika. Lakini anayechonga mbao 200 za mizinga zinazofanana, akiwa ameweka vizuizi vya kuegeshea ubao, anaweka sifuri mara chache sana. Huyo asikubali kuongezewa bei kwa ajili ya gurudumu. Vizuizi vizuri vitamfaa zaidi.

Mwenye mashine ndogo anaweza kununua gurudumu la kuunganisha, ila aulize kwanza kama kadi ya mashine yake na programu anayotumia vinalikubali. Lisilo na waya linavutia, lakini betri huisha katikati ya kazi.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji awashe mashine. Asogeze kwa milimita 0.1, kisha abane kitufe cha kusogeza mfululizo na kukiachia, uone inasimama papo hapo au inaendelea kidogo. Halafu abonyeze kitufe chekundu cha dharura wakati inatembea, na uulize kinakata umeme wa mota au kinatuma ujumbe tu kwa kompyuta. Kama ni mtumba, kagua waya wa rimoti pale unapoingia kwenye kishikio, maana hapo ndipo hukunjwa kila siku.