HARUFU YA RADI NI NINI?

Je, umewahi kusikia harufu kali baada ya radi kupiga karibu? Harufu hiyo si uchawi. Ni hewa iitwayo ozoni.

Hewa tunayovuta ina oksijeni. Chembe za oksijeni hukaa mbili mbili. Umeme wa radi huzitenganisha. Zikiungana tena tatu tatu, huwa ozoni.

Tena, radi ina joto kali sana, kama nyuzi 30,000 za Sentigredi. Joto hilo huunganisha oksijeni na nitrojeni, yaani hewa nyingine iliyo nyingi angani. Mwanga wa jua ukiipata hewa hiyo mpya, husaidia ozoni zaidi kutokea. Kazi hii hufanyika hasa juu sana, karibu na vilele vya mawingu ya mvua. Nchi za joto, kama zile za bonde la mto Kongo na za Ziwa Viktoria, zina radi nyingi. Kwa hiyo radi huongeza ozoni katika anga yetu.

Je, ozoni ni nzuri au mbaya? Inategemea iko wapi. Juu kabisa, kupita mawingu, kuna tabaka la ozoni linalotukinga na miale ya jua inayodhuru ngozi na macho. Tabaka hilo hutengenezwa na jua, siyo radi. Lakini ozoni ikiwa nyingi karibu na ardhi, huwasha koo na kubana kifua, hasa kwa wenye pumu. Moshi wa mbuga zinazochomwa huleta ozoni ya namna hiyo. Basi tusichome mbuga ovyo.

Ile harufu ya radi isikutishe. Ozoni yake ni kidogo, na upepo huitawanya. Kinachoua ni radi yenyewe. Kwa hiyo, fanya hivi:

1. Ukisikia ngurumo, acha jembe, ingia katika nyumba imara. Usijikinge chini ya mti.

2. Kama uko ziwani, rudi nchi kavu mara moja.

3. Mtu aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse bila hofu. Kama hapumui, mgandamize kifua na kumpulizia hewa mdomoni. Mwingine akimbilie zahanati kuita msaada.

Wengi huweza kupona wakisaidiwa upesi. Usimwache mwenzako kwa kuogopa kumgusa.