Vihisi vya redio na usalama wa wajenzi Johannesburg

Alasiri ya Jumatano, tarehe 14 Oktoba 2015, kiunzi cha vyuma kilichotandazwa juu ya barabara kuu ya M1 mjini Johannesburg, penye makutano ya Grayston, kiliporomoka na kuyaangukia magari yaliyokuwa yakipita chini yake. Watu 2 walifariki dunia na 19 walijeruhiwa.

Kilichoanguka hakikuwa daraja lenyewe. Kilikuwa kiunzi cha muda, kilichojengwa ili kuhimili kazi hadi daraja la waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, kati ya Alexandra na Sandton, liweze kusimama peke yake. Viunzi kama hivyo hubadilishwa karibu kila siku, na kifungo kimoja kikilegea, mzigo huweza kuhamia kwenye nguzo isiyokusudiwa kuubeba.

Kanuni za ujenzi za Afrika Kusini za mwaka 2014 zinamtaka mtu mwenye ujuzi akikague kiunzi kabla ya zege kumwagwa, wakati wa kumwagwa na baadaye. Lakini mkaguzi huondoka, mzigo hubaki.

Pengo hilo ndilo linaloweza kuzibwa na vihisi visivyotumia waya. Ni vifaa vidogo vinavyofungwa kwenye nguzo na boriti. Kimoja hupima mwinamo, kingine mkazo ndani ya chuma, kingine mtikisiko. Vipimo husafirishwa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kompyuta, na kiwango kilichowekwa na mhandisi kikivukwa, king'ora hulia. Nyaya zingekatwa na mitambo kabla ya juma kwisha.

Hata hivyo, vifaa hivi si hirizi. Chuma na zege huzuia mawimbi, betri huisha, na king'ora kinacholia ovyo hupuuzwa upesi. Zaidi ya hayo, nguzo nyembamba iliyolemewa huweza kupinda ghafla, ikawaachia watu sekunde chache tu. Kwa hiyo faida kubwa ni kuona mzigo ukiongezeka saa kadhaa kabla, na kuwa na msimamizi mwenye ujasiri wa kusimamisha kazi.

Teknolojia yenyewe si ngeni katika jimbo la Gauteng. Migodi ya dhahabu iliyoizaa Johannesburg kuanzia mwaka 1886 imekuwa ikisikiliza mitetemo ya miamba kwa miongo mingi. Tangu Desemba 2022, sheria ya migodi inataka magari ya dizeli ya chini ya ardhi yaweze kumtambua mtu aliye karibu, yapunguze mwendo na kusimama yenyewe. Aghalabu mchimbaji huvaa kifaa cha redio kwa ajili hiyo.

Mjenzi naye anaweza kukivaa, ingawa wengi watauliza, na wana haki ya kuuliza, kama kifaa hicho kitawalinda au kitahesabu dakika wanazopumzika.

Mnamo tarehe 6 Mei 2024, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa mjini George, mkoa wa Western Cape, liliporomoka. Waokoaji hawakujua walikuwa wakiwatafuta watu wangapi. Mwanzoni ilitajwa idadi ya 75, ikapanda hadi 81, na mwishowe, baada ya siku zaidi ya kumi, ikathibitishwa kuwa 62. Kati yao 34 walikufa, wakiwemo wahamiaji kutoka Malawi, Msumbiji na Zimbabwe.