Tairi kubwa kwenye pikipiki: Faida ya lami, mtego wa mbuga

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

MWENYE pikipiki katika Kata ya Ibadakuli, Manispaa ya Shinyanga, anayetaka kufunga tairi pana kuliko lililokuja na chombo chake huwa na sababu mbili: safari ndefu za kuelekea Kahama na migodi ya Geita, na tope la kati ya Novemba na Aprili. Kwa sababu ya kwanza anaweza kuwa na haki. Kwa ya pili, anajitafutia balaa.

Cha kusoma kwanza ni namba zilizo ubavuni mwa tairi. Lenye 3.00-18, ambalo hufungwa nyuma katika pikipiki nyingi za abiria, lina upana wa inchi 3 na hukaa kwenye rimu ya inchi 18. Likibadilishwa kwa la 3.50-18, rimu hubaki ileile, lakini kimo cha gurudumu zima hupanda kutoka takriban inchi 24 hadi 25, sawa na asilimia 4.

Ongezeko hilo laonekana dogo, ila injini hulihisi. Nguvu ya kuvuta hupungua kwa kiasi hichohicho, na mwenye mzigo hulazimika kurudi gia ya chini mapema. Fundi anaweza kulirekebisha hilo kwa sproketi ya nyuma yenye meno mawili zaidi. Breki ya nyuma, ambayo nayo hudhoofika kwa gurudumu kubwa, haisaidiwi na meno hayo.

Wapo wanaoamini kuwa tairi pana hubeba uzito zaidi. Upana peke yake hauthibitishi hilo. Uwezo huo huoneshwa na namba nyingine ubavuni. 47, kwa mfano, maana yake ni kilo 175, iwapo upepo umejazwa ipasavyo.

Hatari kubwa zaidi ni nafasi. Udongo mweusi ambao Wasukuma huuita mbuga si kama luseni, ule wa kichanga. Ukilowa hunata, hujikusanya kati ya tairi na madigadi, na penye nafasi finyu huligandisha gurudumu. La nyuma likikwama, chombo huserereka; la mbele likikwama ghafla, dereva na abiria wake hurushwa. Hapo tairi jembamba la kiwanda, lenye kashata ndefu, ni bora kuliko pana, kwa kuwa hukata tope kutafuta ardhi ngumu na huacha nafasi ya tope kudondoka.

Anayeshikilia nia yake na alipime tairi kabla ya kulipa. Abiria akae nyuma ili shokapu zilale, kisha pikipiki isukumwe taratibu huku mtu wa tatu akichungulia chini ya madigadi na kando ya mnyororo. Likigusa popote, hata kwa mbali, lirudishwe dukani.