Mashimo meusi yaligongana: walijuaje kuwa si kelele tu?

Tarehe 14 Septemba 2015, saa saba kasoro dakika kumi mchana kwa saa za Afrika Mashariki, kuna wimbi lilipita duniani. Lilipita hata mwilini mwako, na hukuhisi kitu. Mitambo miwili ya LIGO nchini Marekani ndiyo iliyolinasa, kwa sekunde 0.2 hivi.

Lilitoka kwenye mashimo meusi mawili yaliyozungukana hadi yakagongana na kuwa moja. La kwanza lilikuwa na masi mara 36 hivi ya Jua, la pili mara 29. Hebu jumlisha: 65, si ndiyo? Lakini shimo lililobaki lilikuwa na 62 tu. Zile tatu ziligeuka nishati na kuondoka kama mawimbi ya graviti, yaani mtikisiko wa nafasi na muda wenyewe, ambao Einstein aliutabiri mwaka 1916.

Safari yake hadi kwetu ilichukua takribani miaka bilioni 1.3, kwa hiyo lilifika limefifia mno. Kila mtambo wa LIGO una mikono miwili ya kilometa 4, imekaa kama herufi L, na ndani yake miale ya leza inakwenda na kurudi. Wimbi likipita, mkono mmoja unarefuka kidogo na mwingine unafupika. Kidogo kiasi gani? Sehemu chache tu kati ya elfu za upana wa protoni moja!

Sasa hapo lazima ushtuke. Lori likipita barabarani linatikisa ardhi kuliko hivyo. Na swali hili lina historia: mwaka 1969 Joseph Weber alitangaza kuwa ameyanasa mawimbi haya kwa magogo makubwa ya aluminiamu, lakini wenzake walipojaribu hawakupata kitu.

Kinga ya kwanza ni kuwa na mitambo miwili. Mmoja uko Livingston, Louisiana, mwingine Hanford, Washington, kilometa 3,000 hivi kati yao. Lori la Livingston haliwezi kuutikisa mtambo wa Hanford. Ishara ilianza Livingston, na milisekunde 7 baadaye ikaonekana Hanford ikiwa na umbo lilelile. Mwanga unahitaji milisekunde 10 kuvuka umbali huo, kwa hiyo tofauti ya 7 inakubalika. Ingekuwa 20, wangeitupa.

Lakini je, kelele mbili haziwezi kufanana kwa bahati? Walichukua data ya siku 16, wakasogeza saa ya mtambo mmoja kwa makusudi ili ipishane na ya mwingine, kisha wakatafuta mifanano. Ukishapotosha saa hivyo, mfanano wowote utakaoupata ni wa bahati tu. Wakarudia tena na tena kwa misogezo tofauti. Jibu: bahati ya kiwango kile hutokea chini ya mara moja katika miaka 203,000.

Je, kama kuna mtu aliipandikiza? Hilo nalo si utani. Septemba 2010 kikundi kidogo ndani ya mradi kiliingiza ishara bandia kwa siri ili kuwapima wenzao. Wenzao wakaichambua kwa miezi, wakaandaa hadi makala ya kuchapisha. Bahasha ilipofunguliwa Machi 2011, kumbe ulikuwa mtihani! Ndiyo maana mwaka 2015 Marco Drago, aliyeiona ishara kwanza akiwa Hannover, Ujerumani, alitaka kujua kama ilikuwa imepandikizwa. Haikuwa.

Hata hivyo walisubiri hadi 11 Februari 2016 ndipo wakatangaza. Mwaka 2017 Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne wakapewa Nobeli ya fizikia.

Bado una shaka? Data ya ishara hiyo iko wazi kwenye intaneti. Ipakue, uichore mwenyewe, uone kama Livingston na Hanford zinafanana.