Hesabu za Watu Wazima Zianzie Kikapuni, Si Ubaoni

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili twalijua tangu utotoni, lakini wangapi kati ya wazee wetu na mama zetu wana mali na hawana daftari? Si kwa uvivu. Hawakupata wa kuwafundisha kuliandika.

Mtazame mama auzaye samaki. Mnunuzi ataka vipande 3, kila kimoja shilingi 85. Bila kalamu wala karatasi mama ajibu, "Mia mbili hamsini na tano, mwanangu." Akipewa mia tatu, arudisha 45 kabla mnunuzi hajafunga kikapu chake. Lakini mama huyo huyo mkalishe darasani, umwandikie ubaoni 85 × 3, atainamisha uso na kusema, "Mwalimu, hayo ni ya watoto wa skuli."

Jambo hili si la Pwani yetu peke yake. Mwaka 1985 wataalamu watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitoa habari za uchunguzi walioufanya mjini Recife, nchini Brazili, juu ya watoto wachuuzi. Watoto wale walipoulizwa hesabu wakiwa kwenye biashara zao, walipata takriban majibu 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za namna ile ile kwenye karatasi, tarakimu tupu, walipata takriban 37 tu. Akili zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni namna ya kuuliza.

Hapa Kenya, Serikali iliunda Idara ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1979, na madarasa ya ngumbaru yakaenea mijini na vijijini. Mwalimu wa madarasa haya na akumbuke kwamba mwanafunzi wake si mtoto. Akianza kwa kumwimbisha mzee mwenye wajukuu "mbili mara moja, mbili," mzee atavumilia siku ya kwanza na ya pili. Ya tatu hamwoni tena.

Njia iliyo bora ni kumwuliza mwanafunzi, "Wewe wafanyaje?" Mama wa samaki hakuzidisha. Alijumlisha 85 na 85, akapata 170, kisha akaongeza 85 nyingine. Mwalimu na aandike hivyo hivyo ubaoni, na chini yake ndipo aandike 85 × 3. Hapo mama ataona kwamba alama ile ni njia ya mkato tu ya jambo alilolijua siku zote.

Kisha mwalimu achukue vitu vya nyumbani. Vibaba 4 ni pishi moja; je, pishi 6 ni vibaba vingapi? Korija moja ya boriti ni 20. Korija 3 je? Wazee wa barazani walete bao lao: safu 4 za mashimo manane manane, jumla 32, na kete 64. Mzee ajuaye kete yake ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaitoa mkononi, hawezi kuambiwa kwamba hajui hesabu.

Na ibada pia zina somo. Rakaa za faradhi kwa siku ni 2, 4, 4, 3 na 4, jumla 17. Je, Ijumaa kwa aliyeswali Jumaa msikitini? Ni 15. Darasa zima litajibu kwa pamoja, na kujumlisha na kutoa kutakuwa kumefundishwa bila mtu kuona haya.

Wengi huogopa sehemu kuliko hesabu nyingine zote. Lakini nani kati yetu hasemi "saa nane kasorobo"? Basi robo amekwisha kuijua. Zaka ya fedha ni robo ya ushuri. Mfanyabiashara mwenye shilingi 2,000,000 zilizotimiza mwaka, kwanza atafute ushuri, yaani fungu moja katika kumi: 200,000. Kisha achukue robo yake: 50,000. Hiyo ndiyo zaka yake.

Jambo zito zaidi ni mirathi. Tuseme mtu amefariki, hana wazazi walio hai, ameacha mke mmoja, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike. Madeni yamelipwa na wasia umetolewa, zimebaki shilingi 32,000. Mwalimu na amwage kete 32 juu ya mkeka, kila moja iwe shilingi elfu. Mke apewa thumuni, kete 4. Zimebaki 28. Mtoto wa kiume mafungu mawili, kila binti fungu moja, hayo ni mafungu manne ya kete saba saba. Kijana apata 14, na kila binti 7. Zihesabuni tena: zimetimia 32.

Kuhukumu ni kazi ya kadhi. Lakini mjane aliyezishika kete zile kwa mkono wake hatatia dole gumba penye karatasi iliyomwandikia elfu mbili badala ya nne. Ataiuliza.

Wala tusidhani kuwa huku ni kuishusha elimu. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, alisema katika dibaji ya kitabu chake cha aljebra kwamba amekiandika kwa yale watu wayahitajiayo katika mirathi, wasia, ugawaji, kesi na biashara. Aljebra yenyewe ilitoka katika haja za watu kama hawa.

Siku hizi haja imezidi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, fedha za mama sokoni zimehamia kwenye simu. Asiyejua kusoma tarakimu humpa mtu mwingine simu yake pamoja na namba ya siri, akabaki kuomba Mungu awe mwaminifu.

Basi, msomaji, kama mama yako au shangazi yako yumo katika hali hii, usimcheke wala usimhesabie. Kaa naye baada ya Alasiri, mnunulie daftari la kurasa chache, na umwambie aanze na mauzo ya leo. Samaki vipande 3, shilingi 255. Aandike mwenyewe.