Afya: Uvimbe wa buluu kooni hautibiwi kwa wembe

Mtu mzima anayekoroma kila usiku, anayeamka ghafla akitafuta pumzi, ao ambaye sauti yake hubadilika akiinama, mara nyingi huambiwa ana pumu ao kilimi kirefu. Lakini kwa wengine chanzo ni mishipa ya damu iliyojengeka vibaya kooni. Wakikatwa bila kupimwa, wanaweza kutoka damu hadi kufa.

Ugonjwa huo unaitwa malformasio ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni imepanuka, kuta zake ni dhaifu, na damu inatuama ndani yake. Si kansa, hauambukizi, wala si kazi ya wachawi. Mwaka 2009, watafiti wa timu ya Profesa Miikka Vikkula, wa Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, walikuta kasoro ya jeni iitwayo TEK katika uvimbe wa karibu nusu ya wagonjwa waliopimwa. Kasoro hiyo kwa kawaida hutokea mtoto akiwa tumboni, bila kurithiwa kwa wazazi.

Kwa nini inaonekana ukubwani?

Mtu huzaliwa nayo, nayo hukua pamoja naye. Inaweza kuvimba zaidi wakati wa kubalehe, wakati wa mimba ao baada ya kuumia. Alama zake ni rangi ya buluu ao zambarau kwenye ulimi, midomo ao koo, na uvimbe laini unaopungua ukibonyezwa. Mgonjwa akilala chali ao akijikaza, damu hujaa na njia ya pumzi huwa nyembamba. Ndiyo maana shida huzidi usiku.

Usikubali kukatwa haraka

Katika familia nyingi, ugonjwa wa koo bado hupelekwa kwa mkata kilimi. Kwa mgonjwa wa aina hii, wembe huo unafungua mfuko wa damu. Hata hospitalini, kukata kipande cha kupeleka maabara bila kupiga picha kwanza ni hatari.

Daktari wa masikio, pua na koo huanza kwa kupitisha kamera nyembamba puani ili kuona koo. Ekografi ya Doppler husaidia kwa uvimbe wa shingoni, lakini IRM ndiyo inayoonyesha vizuri mpaka wake. Kipimo hicho ni ghali, na wagonjwa wengi hulazimika kusafiri mbali.

Matibabu yako namna gani?

Jambo la kwanza ni kulinda pumzi. Kabla ya kumlalisha mgonjwa kwa dawa, timu huandaa namna ya kupitisha mpira wa hewa. Wakati mwingine hutoboa tundu shingoni kwa muda.

Kisha kuna njia kadhaa. Ya kwanza ni sindano ya dawa inayokausha mishipa hiyo kutoka ndani. Alkoholi ina nguvu lakini husababisha uvimbe mkubwa, hivyo kooni madaktari wengi hupendelea bleomisini, inayovimbisha kidogo. Nayo ina kipimo cha mwisho, kwa sababu ikizidi inaweza kuharibu mapafu. Ya pili ni lazeri, hasa kwa uvimbe ulio juu juu kwenye koo. Oparesheni ya kukata hufanywa pale uvimbe una mpaka wazi, mara nyingi baada ya sindano.

Wagonjwa wagumu wanaweza kupewa sirolimasi, dawa ya kumeza inayotumiwa pia na waliopandikizwa figo. Inapunguza maumivu na kutoka damu kwa wengi, lakini inashusha kinga ya mwili na inahitaji kupimwa damu mara kwa mara.

Mara nyingi uvimbe hauishi wote, na matibabu hurudiwa kwa miaka. Lengo ni mgonjwa apumue, ameze, aongee na alale vizuri.

Anayekoroma huku pumzi ikikatika, ao mwenye uvimbe wa buluu mdomoni, aombe kuonwa na daktari wa koo. Akitema damu nyingi ao akishindwa kupumua, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, akiwa ameketi.