Kabla Nguzo ya Umeme Haijasimama Shambani Mwako

Mkulima, siku moja utaona watu wawili au watatu wakipita katika njia ya kijiji chenu. Wana karatasi, wana kamba ya kupimia, na pengine wana rangi ya kutia alama. Watasimama mahali, wataangalia miti, wataandika, kisha watakwenda mbele. Kwa kuwa hawakuleta waya wala nguzo, watu wengi huwaacha wapite bila kuwauliza neno. Hilo ni kosa. Siku hiyo ndiyo siku ya kusema, kwa maana fundi akija na nguzo zake, mambo mengi yamekwisha kuamuliwa.

Kazi ya watu hao huitwa uchunguzi wa awali wa mazingira na jamii. Maana yake ni kutazama, kabla ya kazi kuanza, kama umeme utakapopita utaleta hasara kwa ardhi, maji, miti au watu, na hasara hiyo yaweza kuepukwa namna gani.

KWA NINI KUNA UCHUNGUZI

Mpango wa kupeleka umeme vijijini ulianzishwa na Serikali ya Kenya katika mwaka 1973. Kazi iliongezeka sana mwaka 2015, ulipoanza mradi wa Last Mile. Katika mradi huo, nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma ziliunganishwa kwa shilingi 15,000, badala ya shilingi 35,000 zilizokuwa zikitozwa zamani. Tangu mwaka 2019 shirika la Serikali linaloshughulikia umeme wa mashambani huitwa REREC.

Huenda mtu akasema, "Nguzo moja ni kitu kidogo, yaweza kudhuru nini?" Ni kweli, nguzo moja ni kitu kidogo. Lakini nyaya hupita katika mashamba ya watu mia, na kila mmoja ana mti wake, kaburi lake, au kijito chake. Kwa sababu hiyo Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 yataka miradi ichunguzwe. Msimamizi wa jambo hili ni mamlaka iitwayo NEMA. Tangu mwaka 2019 miradi hugawanywa katika mafungu matatu: yenye hatari ndogo, hatari ya kadiri, na hatari kubwa. Kadiri hatari inavyozidi, ndivyo uchunguzi unavyozidi kuwa wa kina.

MAMBO YANAYOULIZWA

Mchunguzi ana karatasi yenye maswali. Maswali makubwa ni haya:

(1) Je, nyaya zitapita msituni, au katika kinamasi, au karibu na mto? Kanuni za maji za mwaka 2006 zililinda kingo za mito, kuanzia mita 6 hata mita 30 kila upande.

(2) Je, ipo miti itakayokatwa? Ni miti gani, na ni ya nani?

(3) Je, kuna makaburi, mahali pa ibada, au mahali panapoheshimiwa na wazee? Watu wa Pwani wanajua jinsi misitu ya Kaya ilivyo na heshima. Lakini hata mti mmoja wa mugumo waweza kuwa na heshima hiyo.

(4) Je, yuko mtu atakayepoteza mazao, ukuta, kibanda au nafasi ya kuuzia vitu vyake?

(5) Je, ni nani atakayeachwa gizani? Pengine ni mjane asiye na fedha za kutia nyaya nyumbani, au ni watu wachache wanaoishi mbali na barabara.

Swali la mwisho lafaa kukumbukwa sana. Mazingira si miti na maji tu, hata watu wamo.

MFANO WA SHAMBA MOJA

Tuchukue mfano. Mkulima ana eka mbili. Juu kuna barabara, katikati kuna mikahawa yake, na chini kuna kijito. Kaburi la mama yake liko kando ya mikahawa. Nyumba za jirani ziko ng'ambo ya kijito, na njia fupi ya nyaya ni kukata shamba hili katikati.

Katika ramani kaburi halionekani. Mikahawa nayo haina umri katika ramani, hata ikiwa mkulima ameitunza kwa miaka kumi. Mkulima huyu akinyamaza, mstari utachorwa, nguzo zitahesabiwa na kununuliwa, na mkandarasi atakuja na mapanga. Wakati huo akilalamika atasikilizwa, lakini kubadili njia kutakuwa na gharama na magombano, na jirani atamwona kama mtu anayemzuilia taa.

Lakini akimwonyesha mchunguzi kaburi na mikahawa siku ile ya kwanza, njia yaweza kupindishwa ifuate barabara hadi kwenye daraja. Pengine zitahitajika nguzo mbili zaidi. Jirani atapata umeme, mikahawa itabaki, na kaburi litakaa kwa amani. Neno moja lililosemwa mapema limeokoa kazi ya miaka kumi.

IDHINI YAKO

Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 yasema kwamba mtu anayetaka kupitisha nyaya katika ardhi ya mwingine hana budi kutafuta kwanza idhini ya mwenye ardhi. Nayo sheria yamtaka mwenye ardhi asikatae bila sababu ya haki. Maana yake ni kwamba pande zote mbili zizungumze.

Wakulima wengi hutoa nafasi ya nguzo bure, kwa kuwa wao wenyewe watapata umeme. Hilo ni jambo jema la ujirani. Lakini kutoa bure ni lazima kuwe kwa hiari. Mtu akikuambia, "Tia sahihi upesi, la sivyo kijiji kizima kitakosa stima," usitie sahihi siku hiyo. Omba karatasi isomwe kwa lugha unayoielewa. Uliza ni nguzo ngapi, zitasimama wapi, miti ipi itakatwa, na fidia itakuwaje. Na ikiwa cheti cha shamba kina jina la mume, lakini mke ndiye anayelima, yafaa wote wawili wawepo.

KAZI IKIANZA

Uchunguzi hauna faida kama yaliyoandikwa hayafuatwi. Basi yaangalie haya:

Shimo la nguzo lisiachwe wazi usiku. Mtoto au ndama aweza kutumbukia humo.

Vijana wa kijiji wapewe nafasi katika kazi za mikono, nao walipwe haki yao. Watoto wasifanyishwe kazi hiyo.

Vipande vya nguzo visichukuliwe kuwa kuni. Nguzo za mti hutiwa dawa kali ili zisiliwe na mchwa. Nyingine zina kriosoti, nyingine zina shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake ni sumu, na majivu yake ni sumu. Wala usitengeneze hori la ng'ombe kwa mbao hizo.

Mafuta ya transfoma si ya kukaangia. Wako wezi wanaoyaiba na kuyauza kwa wakaangaji wa viazi. Mafuta ya transfoma za zamani huweza kuwa na sumu iitwayo PCB, ambayo hukaa mwilini muda mrefu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliamua iondolewe duniani. Ukiona transfoma inavuja, usiguse. Toa habari kwa chifu na kwa kampuni ya umeme.

Chini ya nyaya panda mahindi, maharagwe au viazi. Usipande mikaratusi wala mti mwingine mrefu.

UKIWA NA MALALAMIKO

Anza na msimamizi wa mradi, na uombe lalamiko lako liandikwe katika kitabu pamoja na tarehe. Asipokusikiliza, nenda kwa chifu, kisha ofisi ya NEMA ya kaunti yako. Kwa mambo ya umeme wenyewe iko EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli. Weka nakala ya kila karatasi.

Ndugu mkulima, umeme ni kitu chema. Utakamua ng'ombe asubuhi na mapema ukiona vizuri, mtoto atasoma bila moshi wa koroboi, na mashine ya kukata majani itafanya kazi ya saa nzima kwa dakika chache. Hakuna anayekuambia uuzuie. Unaloambiwa ni kwamba uwepo siku ya uchunguzi, uonyeshe kilicho chako, na umkumbuke jirani asiyeweza kujisemea. Wazee walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Watu wenye karatasi wakipita njiani, weka jembe chini, uwaamkie, uende pamoja nao mpaka mwisho wa shamba lako.